Kompyuta Ilipotufungia Mlango

Ilikuwa jioni ya Jumapili, mwezi wa sita mwaka 2023. Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini, nimevua viatu, nimeketi juu ya mbuzi nakuna nazi ya wali. Binti yetu mkubwa alikuwa chumbani anamalizia ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Ghafla akaita, "Mama! Njoo uone!" Kwa sauti ile nilidhani ameona nyoka.

Sikukuta nyoka. Nilikuta kioo cha kompyuta kimekuwa cheusi, na katikati yake maandishi meupe ya Kiingereza. Yalisema kwamba kompyuta hii imefungwa na mwenye mali, likatajwa jina la kampuni moja ya Uingereza, na chini yake namba ya simu na anwani ya barua pepe. Binti alibonyeza huku na huku. Hakuna kilichobadilika. Tukaizima, tukaiwasha. Maandishi yalikuwa yaleyale.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na ripoti iliyotakiwa chuoni siku ya Jumatano. Kulikuwa pia na hesabu za mfuko wa kina mama wa kanisani kwetu, wanachama 34, michango na mikopo ya miezi minne, ambazo binti alikuwa anatusaidia kuziingiza.

Mume wangu alikuwa ameinunua mwezi wa pili katika duka la vitu vilivyotumika kutoka Ulaya, kwa shilingi 620,000. Alijinyima muda mrefu ili binti asihangaike kuazima za wenzake. Alipoingia na kuona yale maandishi, mimi, badala ya kunyamaza kwanza, nilimwuliza mbele ya watoto, "Baba, kumbe ulituletea mali ya wizi ndani ya nyumba?"

Hakunijibu. Alikwenda kukaa barazani. Chakula cha usiku ule tulikila kimya.

Mpenzi msomaji, nakusimulia haya kwa sababu tangu siku ile nimekutana na kina mama wengi yaliyowapata yanayofanana na haya. Mmoja ni kompyuta ya ofisi ya mumewe, mwingine simu ya mwanawe, mwingine kompyuta aliyoletewa zawadi na dada yake kutoka ng'ambo. Wengi walitokwa na fedha bure, na wengine walitokwa na zaidi ya fedha. Hebu tuliangalie jambo hili kwa utulivu.

Kufuli la mbali ni nini?

Wengi wetu tunazijua simu za mkopo. Mtu analipa kidogo kidogo kila siku, na asipolipa simu inajifunga hata kama iko mfukoni mwake na mwenye kampuni yuko mji mwingine. Kufuli la kompyuta ni ndugu wa kufuli hilo. Mwenye mali, popote alipo, anatoa amri. Amri inapita kwenye intaneti. Na kompyuta inapoipata inajifunga.

Shabaha yake ni njema. Kompyuta ya ofisi ikiibwa, mwizi asiweze kusoma siri zilizomo wala kuiuza kwa bei nzuri. Fikiria kompyuta ya hospitali yenye majina na magonjwa ya watu. Mimi kama muuguzi nisingependa ifunguliwe na yeyote aliyeiokota kwenye daladala.

Kuna kampuni iitwayo Absolute, iliyoanzishwa Kanada mwaka 1993, ambayo programu yake ya ulinzi imewekwa tangu kiwandani katika kompyuta nyingi za Dell, HP, Lenovo na nyinginezo. Haikai kwenye diski. Inakaa katika ile sehemu ya ndani kabisa inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, ambayo mafundi huiita BIOS. Hapo hulala tu, mpaka kampuni iliyonunua kompyuta ilipie huduma na kuiamsha. Ikishaamshwa, hata ukiweka diski mpya na kuanza upya, inajirudisha. Na kila kompyuta inapoonja intaneti, inapeleka taarifa kwa mwenyewe kwamba ipo, na kuuliza kama kuna amri.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yetu ilikaa kimya miezi minne. Binti alikuwa anaandika bila intaneti karibu siku zote. Jumapili ile aliiunganisha na simu yake kwa muda mrefu, atafute vitabu vya ripoti.

Kompyuta na simu za Apple nazo zina kufuli lao. Tangu mwaka 2011 mwenye kompyuta ya Apple ameweza kuitafuta na kuifunga kutoka mbali ikipotea. Mwaka 2013 simu zao ziliongezewa kufuli jingine: hata ukifuta kila kitu, haikubali kuanza upya bila neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Mwaka 2019 kufuli hilo likafika kwenye kompyuta zao zenye kifaa maalumu cha usalama ndani.

Usitoe dawa kabla ya kupima

Katika kazi yangu tunafundishwa hivi: homa si ugonjwa mmoja. Ukimpa kila mwenye homa dawa ya malaria, mwingine utamponya na mwingine utamzika. Kompyuta iliyofungwa nayo ni hivyo. Kabla ya kumkimbilia fundi, jiulize ni kufuli la aina gani. Ziko aina nne ambazo mama wa nyumbani anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni kufuli la uongo. Unatembea kwenye intaneti, mara kioo kinajaa maandishi mekundu, labda na sauti ya kengele: "Kompyuta yako imefungwa! Ina virusi! Piga namba hii sasa hivi!" Mara nyingi hutajwa Microsoft. Hao ni matapeli. Microsoft wenyewe wamesema maonyo yao ya kweli hayawekwi namba ya simu ya kupiga. Dalili yake ni kwamba ukizima kompyuta na kuiwasha tena bila kufungua ukurasa ule, kila kitu kinarudi kama kawaida. Usipige simu. Usitaje namba ya benki. Usimruhusu mtu yeyote aingie katika kompyuta yako kutoka mbali.

Ya pili ni kufuli la kompyuta yenyewe. Kompyuta nyingi za Windows za siku hizi hufunga diski kwa maandishi ya siri ili mwizi asiyasome. Chombo hicho kinaitwa BitLocker. Wakati mwingine, baada ya kubadilishiwa kifaa cha ndani au kuingizwa marekebisho fulani, kompyuta inashtuka na kumshuku hata mwenyewe. Inaonyesha kioo cha buluu, inadai namba yenye tarakimu 48. Hapa hakuna aliyekuibia wala aliyekufungia. Namba hiyo huwa imehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza, au ilichapwa kwenye karatasi, au iko kwa wataalamu wa ofisi. Itafute huko kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. Lakini isipopatikana popote, hata Microsoft hawawezi kukufungulia. Tarehe 19 Julai 2024, programu moja ya ulinzi ilipokosewa na kuangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, zikiwamo za hospitali, nyingi zilidai namba hizo kabla ya kutengenezwa. Walioziandika mahali pa usalama walirudi kazini mapema.

Ya tatu ni kufuli la mtu binafsi. Hili ni la Apple zaidi. Kompyuta inaomba namba fupi ya siri, au akaunti ya mtu mwingine usiyemjua. Maana yake aliyekuuzia au aliyekupa hakuitoa katika akaunti yake kabla ya kuiachia, au aliipoteza akaifunga. Mwenye akaunti anaweza kuifungua kutoka alipo, hata akiwa nchi nyingine. Akikataa au asipojulikana, Apple wanaweza kusikiliza ombi la mtu mwenye stakabadhi halali ya kuinunua. Bila stakabadhi, huna neno.

Ya nne ni kufuli la taasisi: kampuni, shule, chuo au serikali. Jina la taasisi linaonekana kwenye kioo. Hili ndilo lililotupata sisi.

Ona basi tofauti yake. La kwanza unalipuuza. La pili unatafuta namba. La tatu unamtafuta mtu. La nne unaitafuta taasisi. Ukichanganya dawa, utalipia usichokihitaji.

Kwa fundi

Jumatatu asubuhi nilipitia kwa fundi wa kompyuta karibu na stendi. Ni kijana mchangamfu. Alitazama mara moja tu akacheka. "Mama, hii naijua. Niachie 80,000 na siku mbili. Nitaivunja hiyo kufuli. Hao Wazungu hawawezi kuja mpaka huku."

"Na kazi za binti yangu zilizomo?"

"Hizo mama siwezi kuahidi."

Nilirudi nyumbani na maneno yake. Mume wangu alikuwa hajazungumza nami vizuri tangu jana yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama watoto, umeniuliza kama nimenunua mali ya wizi. Sijui. Niliinunua dukani mchana kweupe. Lakini tukiivunja kufuli kabla ya kuuliza, basi kuanzia hapo tutakuwa tunajua."

Neno lile lilinichoma. Nilikuwa nimemwita mwizi mtu ambaye, hata akiwa amekasirika, alikuwa anafikiri vizuri kuliko mimi. Tuliamua kumwandikia mwenye kufuli.

Wako wasomaji watakaosema tulikuwa wajinga. Nawaelewa. Shilingi 620,000 si fedha za kuokota. Lakini fikiria: kama kompyuta imeibwa, mahali fulani yuko mtu aliyelia kama binti yetu alivyolia. Pia kuna upande wa sheria. Kukaa na mali huku ukijua ni ya wizi ni kosa, na kusema "nilinunua tu" hakukuokoi ikiwa ulijua, ukaficha.

Kufuli likishikwa na mwizi

Jambo jingine nililojifunza wakati tukingoja majibu ndilo lililonishtua zaidi. Kufuli hili ni la mwenye neno la siri. Yeyote atakayelipata neno lako la siri, yeye ndiye mwenye nyumba, na wewe unabaki nje.

Mwezi wa nane mwaka 2012, mwandishi wa habari wa Marekani aitwaye Mat Honan alikuwa nyumbani akicheza na bintiye mdogo. Simu yake ikazimika, ikawaka ikiwa tupu kama mpya. Akaenda kuiunganisha na kompyuta yake ili aijaze tena. Kioo cha kompyuta kikageuka kijivu na kumwomba namba ya siri ya tarakimu nne. Hakuwa na namba ya namna hiyo. Haikuwa yake. Vijana wawili asiowajua walikuwa wameingia katika akaunti yake ya Apple, na kwa kutumia kitufe kilekile kilichowekwa kumlinda dhidi ya wezi, walikuwa wanafuta simu yake, kompyuta yake na kifaa chake kingine, kimoja baada ya kingine.

Waliingiaje? Hawakuvunja kitu. Walipiga simu. Kutoka kampuni moja walipata tarakimu nne za mwisho za kadi yake ya benki; tarakimu hizo pamoja na anwani yake zikatosha kuwaaminisha wahudumu wa Apple kwamba wao ndio yeye. Na walitaka nini hasa? Walitaka jina lake fupi la kwenye Twitter. Basi.

Katika kompyuta ile zilikuwamo picha za mwaka wa kwanza wa mtoto wake. Hakuwa na nakala mahali pengine. Baadaye wataalamu walizirudisha nyingi kutoka kwenye diski, kwa gharama kubwa. Yeye mwenyewe aliandika wazi makosa yake: hakuweka nakala, na akaunti zake zilikuwa zimefungamana kiasi kwamba mlango mmoja ulifungua mwingine.

Hakuwa wa mwisho. Mwezi wa tano mwaka 2014, watu wengi huko Australia waliamka na kukuta simu zao za Apple zimefungwa, na ujumbe unaodai fedha ili zifunguliwe. Mwaka 2017 kompyuta zilifungwa vivyo hivyo. Apple walisema mitambo yao haikuvunjwa. Njia iliyojulikana ni kwamba watu wanatumia neno moja la siri kila mahali. Likivuja katika tovuti moja, mwizi analijaribu kwenye nyingine zote.

Mama mwenzangu, neno lako la siri ni jina la mtoto wako wa kwanza na mwaka aliozaliwa? Na umelitumia kwenye barua pepe, kwenye simu, na kwenye akaunti ya shule ya watoto? Basi una ufunguo mmoja wa nyumba, ghala na sanduku la fedha, na nakala zake zimetapakaa mtaani.

Kompyuta ya shule na ya ofisi

Neno fupi kwa wazazi. Mtoto akikabidhiwa kompyuta na shule au chuo, au mume akikabidhiwa na ofisi, si ya nyumbani kwenu. Mwenyewe anaweza kuifunga, kuifuta, na wakati mwingine kuona kilichomo. Mwaka 2010 wilaya moja ya shule huko Pennsylvania, Marekani, ilishtakiwa baada ya kugundulika kwamba chombo chake cha kutafuta kompyuta zilizopotea kilikuwa kinapiga picha kupitia kamera za kompyuta walizopewa wanafunzi, hata wakiwa vyumbani mwao. Mwaka huohuo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi.

Kwa hiyo picha za harusi, za watoto, na hesabu za nyumbani zisikae katika kompyuta ya ofisi. Siku ya kuachishwa kazi au kustaafu inaweza kufungwa kabla hujatoka getini, nawe huna la kudai. Na kompyuta inapokaa chumbani, funika kamera yake kwa kipande cha karatasi au plasta. Ni jambo dogo, halina hasara.

Majibu kutoka Uingereza

Binti aliandika barua pepe kwa Kiingereza chepesi, kupitia simu ya baba yake. Alieleza tumeinunua wapi, lini, na kwa kiasi gani. Aliandika namba ya kompyuta iliyobandikwa chini yake, akaambatanisha picha ya kioo na picha ya stakabadhi. Ndiyo, stakabadhi. Mume wangu alikuwa ameihifadhi ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nilipoiona, nilijisikia mdogo.

Siku zilipita. Jumatano ikafika. Binti alirudia ripoti yote kutoka kwenye daftari lake la mazoezi, kwenye kompyuta ya rafiki, usiku kucha. Aliichelewesha siku mbili na akakatwa alama.

Hesabu za mfuko je? Hapa niseme ukweli unaoniaibisha. Mweka hazina wetu ni bibi mwenye umri wa miaka zaidi ya 60. Tulipoanza kutumia kompyuta, tulimwambia aache daftari lake kubwa la jalada gumu, limepitwa na wakati. Alitabasamu na kuitikia. Nilipokwenda kwake Jumanne kumweleza msiba wetu, nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akaenda ndani, akarudi na daftari. Hakuwa ameacha hata wiki moja. Kila mchango, kila mkopo, vyote vimo kwa kalamu ya buluu. "Mwanangu," alisema, "mimi sikuikataa kompyuta. Nilikataa tu kuwa na mguu mmoja."

Siku ya kumi na moja jibu likaja. Mtu wa idara ya kompyuta alituandikia kwa adabu. Kompyuta ile haikuwa ya wizi. Waliiacha kuitumia na kuiuza pamoja na nyingine kwa mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika, lakini yule aliyetakiwa kuifuta katika orodha ya ulinzi alisahau. Walipohesabu mali, waliona kompyuta ambayo haijulikani iliko, wakatoa amri ifungwe. Aliomba radhi. Alitupa namba ya kuifungulia, na akasema tukishaingia tuiunganishe na intaneti ili aiondoe katika orodha moja kwa moja.

Binti aliandika ile namba, tarakimu moja moja, sisi sote tumesimama nyuma yake. Kioo kikarudi. Ripoti ilikuwa palepale alipoiachia, katikati ya sentensi.

Jioni ile niliwaita watoto walewale waliokuwapo Jumapili ile. Nikasema mbele yao, "Nilimkosea baba yenu. Nilimshuku kabla ya kuuliza. Naomba radhi." Kama kosa limefanywa mezani, radhi nayo iletwe mezani. Mume wangu aliinama kidogo, kisha akasema, "Haya, leo kuna wali wa nazi?" Watoto wakacheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba na huku kumefunguliwa.

Sitaki ufikiri kila anayeandika hujibiwa vizuri. Wengine hawajibiwi. Wengine huambiwa ni ya wizi, na hapo inabidi kuirudisha dukani na stakabadhi mkononi, au kuipeleka polisi. Inauma. Lakini ni afadhali kupoteza kompyuta kuliko kukaa nayo huku unaificha kila mgeni anapobisha hodi.

Kabla ya kununua iliyotumika

1. Mwombe muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Hili ni kubwa kuliko yote. Kufuli nyingi hujionyesha hapo. Likitokea jina la kampuni, shule au mtu usiyemjua, usilipe.

2. Mwambie fundi unayemwamini akutazamie katika BIOS, sehemu ya usalama. Akikuta Computrace au Absolute imeamshwa, muuzaji aeleze kwanza.

3. Kama ni ya Apple, mwenyewe wa kwanza aitoe katika akaunti yake kabla hujatoa fedha, si baadaye.

4. Linganisha namba ya kompyuta iliyobandikwa chini na ile iliyo kwenye stakabadhi. Stakabadhi iwe na jina la duka, tarehe na namba hiyo.

5. Kubaliana na duka kwa maandishi: ikifungwa na mwenyewe wa kwanza ndani ya muda fulani, watairudisha fedha. Muuzaji anayekataa hata kuandika hilo amekwisha kukujibu.

6. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, jiulize nani alilia ili wewe upate nafuu.

Kwa kompyuta uliyo nayo tayari

1. Weka nakala za kazi na picha muhimu mahali pawili zaidi: flashi au diski ya nje inayokaa kabatini, na akaunti ya intaneti. Fanya hivyo siku maalumu ya mwezi, kama unavyokumbuka kliniki ya mtoto.

2. Kila akaunti iwe na neno lake la siri. Ukishindwa kuyakumbuka, yaandike katika daftari dogo na ulifungie kabatini nyumbani. Mwizi wa intaneti hafiki kwenye kabati lako.

3. Washa ulinzi wa hatua mbili katika barua pepe yako, ule unaotuma namba kwenye simu kabla mtu hajaingia. Barua pepe ndiyo mama wa akaunti nyingine zote.

4. Itafute leo ile namba ya tarakimu 48 na uiandike karatasini. Usiiweke ndani ya kompyuta hiyohiyo.

5. Mume na mke wajue wapi daftari la siri lilipo. Nimewaona wajane wanaoshindwa kufungua kompyuta yenye hati za nyumba kwa sababu marehemu alikuwa peke yake na ufunguo. Msiba mmoja unatosha.

6. Unapouza au kumpa mtu kompyuta yako, itoe katika akaunti yako na uifute. Usimwachie mwenzio mzigo kama tulioachiwa sisi.

Kompyuta ile bado ipo. Binti yetu amemaliza chuo na anafundisha. Ameiacha nyumbani kwa mdogo wake. Hesabu za mfuko zinaingizwa humo kila mwisho wa mwezi, na nakala inawekwa kwenye flashi. Halafu mweka hazina anafungua daftari lake la jalada gumu, anatusomea kiasi alichoandika, nasi tunalinganisha. Zikipishana hata shilingi mia, hatuondoki mpaka tujue kwa nini.